Papa Alipoamua Kusema Kweli

Kazi yangu ni kuchora storibodi za katuni, zile karatasi za visanduku zinazotangulia filamu, ambamo kila tendo huchorwa harakaharaka kwa penseli kabla hata shilingi haijatumika kurekodi sauti wala kupaka rangi. Watu wakisikia natengeneza katuni hudhani nashinda nikichora sura za kuchekesha. Kumbe muda mwingi unaishia kwenye mabishano: nani aonekane kwanza, nani anajua nini, mtazamaji aambiwe sasa au aachwe kidogo. Na kwa kuwa studio yetu hapa Dar es Salaam inaishi zaidi kwa hadithi za kale, tunabishania hadithi ambazo kila aliyemo chumbani alizisikia utotoni, na kila mmoja ana hakika kwamba ile ya kwao ndiyo yenyewe.

Hadithi iliyonifunza kazi kuliko mwalimu yeyote ni ya kima, papa na punda wa dobi. Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja, ila huhitaji kitabu kuijua. Kima anakaa juu ya mkuyu ambao nusu ya matawi yake yako juu ya maji. Papa anakuja chini yake, anaomba tunda, anarushiwa. Urafiki unakua. Siku moja papa anamwambia mwenzake, twende kwetu nawe ukale, panda mgongoni. Wakifika katikati ya bahari anatoa siri: sultani wetu mgonjwa, na dawa aliyoagiziwa ni moyo wa kima. Kima anafikiri kidogo, kisha anajibu kwamba laiti angeambiwa mapema, maana kima wakitembea huiacha mioyo yao juu ya miti. Wanarudi kuufuata. Kima anapanda mkuyu na hashuki tena. Papa akimwita, anaulizwa: unanifanya mimi punda wa dobi? Hapo inaanza hadithi ya pili ndani ya ile ya kwanza, ya punda aliyeponyoka makucha ya simba, akabembelezwa na sungura, akarudi kwa miguu yake mwenyewe akaliwa.

Vijana wanaojiunga nasi hunionya tusiiharibu hadithi ya mababu. Huwa nawajibu kwamba mababu wenyewe hawakuiacha ilivyo. Ukiifuata nyuma unaikuta katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokiweka Ibn al-Muqaffa katika Kiarabu karne ya 8, na nyuma zaidi unaikuta katika Panchatantra ya Bara Hindi. Kule India rafiki wa kima ni mamba. Kwa Waarabu ni kobe. Ilipofika pwani yetu mtu fulani, asiyejulikana jina, aliutazama mkuyu uliokuwa mbele yake na bahari iliyokuwa chini yake, akaona mamba hafai. Nampa heshima zote mtu huyo. Alikuwa akifanya kazi yangu bila karatasi.

Ukiichukua hadithi hii neno kwa neno ukaigeuza michoro, inakufa. Katika masimulizi ya mdomo nusu ya kazi haifanywi na kima wala papa, inafanywa na anayesimulia. Akisema “kima akafikiri kidogo”, anashusha sauti, anawatazama watoto mmoja mmoja, anaokota chuya kwenye ungo. Huo ndio muda wa kufikiri. Kwenye skripti yanabaki maneno matatu tu.

Wengi wanaogeuza hadithi kuwa katuni hukimbilia njia mbili. Ama wanamweka msimulizi aseme kila kitu huku picha zikimfuata nyuma, hata ukifumba macho hupotezi chochote; ama wanaongeza vitu: adui mkubwa, kinyago cha kuchekesha, wimbo kila baada ya dakika tatu. Mimi naamini kuna kazi moja tu. Orodhesha kila alichokuwa akikifanya msimulizi, kisha umkabidhi mtu au kitu kingine akifanye: jicho, pezi, mwanga, sauti ya maji. Ukishindwa kumpata wa kumkabidhi, ndipo umrudishe msimulizi, naye aseme hilo moja tu.

Ndiyo maana kabla ya kuchora hutafuta mtu anisimulie, hata kama hadithi naijua. Kwa hii nilikwenda Tanga kwa bibi mmoja, jirani wa shangazi yangu, mwenye sauti kavu isiyocheka hata anapochekesha. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanipa ukili nisuke nisije nikakaa bure. Alipofika pale papa anapotoa siri nilimkatiza.

“Bibi, lakini papa mjinga gani huyu? Si angenyamaza tu mpaka wafike?”

“Mjinga wewe,” akasema bila kuinua uso. “Kima si mgeni wake? Na matunda yake kayala siku zote hizo. Utampelekaje mgeni kufa bila kumwambia?”

Akaendelea na hadithi, nami nikaendelea na ukili, lakini katuni nzima ilikuwa imegeuka. Skripti tuliyoletewa ilimfanya papa jambazi: meno nje, muziki mzito, cheko la kishetani. Jambazi hasemi kweli katikati ya safari. Anayesema kweli ni mtu aliyetumwa jambo asilolitaka, amebanwa kati ya sultani wake na rafiki yake, na aibu imemshinda. Papa wa namna hiyo huogelea tofauti. Pezi lake la mgongoni linainama kidogo. Mwendo wake unapungua kadiri nyumbani kwao kunavyokaribia. Na, hili ndilo lililonipa tendo zima, hageuki kumtazama anayemwambia.

Ngoja nieleze kisanduku hicho, maana ndicho ninachojivunia. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24. Sisi, kama wengi wenye bajeti ndogo, huchora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kwa hiyo ni michoro 12 kwa sekunde. Niliomba sekunde nne za kimya baada ya papa kutoa siri. Ni michoro 48 ambamo hakuna mtu anayesema wala kukimbia. Mtayarishaji akiona kimya cha sekunde nne anadhani kebo imechomoka.

Katika sekunde hizo, vidole vya kima, vilivyokuwa vikichezea maji tangu safari ianze, vinasimama. Kisha macho yanakwenda. Katika fani yetu macho hutangulia, kichwa hufuata, mabega mwisho. Ukivipeleka vyote pamoja unapata mwanasesere. Macho yanatazama nyuma, mkuyu umebaki kidoto cha kijani ufukweni. Yanatazama chini, buluu inayogeuka nyeusi. Halafu mkono unapanda taratibu na kukaa kifuani, kama mtu yeyote angefanya akiambiwa moyo wake unatakiwa. Na palepale, mkono ukiwa bado kifuani, kope zinapigwa mara moja. Uongo umezaliwa. Papa hajaona kitu, maana ameona haya kugeuka. Tumeona sisi tu.

Kwenye masimulizi, kima hujisemea moyoni kwamba ameshakwisha, basi na adanganye pengine itamfaa. Maneno hayo tuliyatoa yote. Tulipowaonyesha watoto wa shule ya awali storibodi iliyokwisha kupimwa muda na kutiwa sauti za kubabaisha (za kwetu wenyewe, kima nikiwa mimi), walikaa kimya mpaka kima aliposema moyo wake ameuacha juu ya mti. Mtoto mmoja wa kike akasimama: “Muongo! Anao! Anao hapa!” akijipiga kifua. Nusu ya darasa ikamfuata, “Anao! Anao!”, mwingine akimwonya mwenzake anyamaze papa asije akasikia. Tangu hapo sekunde zangu nne hazikuguswa na mtu.

Hadithi za barazani hupata hayo kila siku, watoto kumkatiza msimulizi, kujibu, kutabiri. Katuni haiwezi kuwasubiri. Unachoweza ni kuwaachia nafasi ya ukubwa unaofaa na kuomba Mungu waijaze. Tangu Ubongo Kids ianze kuonyeshwa mwaka 2014, kizazi kizima kimezoea katuni inayosema Kiswahili na kumtaka mtoto ashiriki, kwa hiyo sisi tuliofuata tulikuta njia imelimwa.

Yapo mambo ya Kiswahili chenyewe ambayo hakuna somo la mtandaoni litakalokufunza. Chati za midomo tunazozikuta kwenye programu zimetengenezwa kwa Kiingereza, ambamo midomo hufungwa kwa “m” na kufunguka upesi. Sasa mchukue kima anayesema “mti”. Hiyo “m” ni silabi nzima, midomo inatakiwa ikae imefungwa pigo zima kabla ya “ti”. Ukiipitisha haraka, mtoto hatajua kasoro ni nini ila ataona huyu kima si wa kwetu. Halafu mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kichwa cha anayesema hutikisika pamoja na mkazo. Katuni nyingi zilizotafsiriwa hutikisa kichwa mahali pasipo pake. Siku nilipoligundua hilo nilishindwa kuangalia televisheni kwa raha, na mpaka leo watu wa nyumbani wananilaumu.

Kuhusu kubadilika kwangu mimi, mambo yalianzia machoni. Nimelelewa pwani, ambako kumkodolea mtu macho ni utovu wa adabu, na kumkodolea mkubwa ni zaidi. Mtoto wa kike hasa hufundishwa kutazama chini. Kazi hii inadai kinyume chake. Ilinibidi nikae Soko la Feri asubuhi nikichora wapara samaki: kisu kinavyopanda kutoka mkiani, bega linavyotulia wakati mkono unakimbia, mama mwenye ndoo anavyobadili mguu mmoja kupumzisha mwingine. Mwanzoni nilikuwa nachora migongo tu. Baadaye nikajifunza kusalimia kwanza, kuomba, na kuonyesha nilichochora. Wengi walitaka niwaongezee misuli.

Jicho likishazoea kutazama halichagui mahali. Mama yangu akiulizwa hali husema hajambo, siku zote, hata homa ikiwa imemlaza. Nilikuja kugundua kwamba siku anazoumwa hugusa kwanza ncha ya leso yake kabla ya kujibu. Ni tendo la fremu chache tu. Alikuwa akilifanya miaka yote na mimi nikiitikia “alhamdulillahi” nikapita. Sasa nikiiona leso inaguswa navuta kigoda nakaa.

Haya nayo ilinitoka, si yote, ila ile isiyo na faida. Ili kuchora kima anayepanda mti kwa hofu huku akijifanya hana haraka, lazima mtu afanye hivyo mbele ya simu inayorekodi, na katika studio yetu mtu huyo ni mimi, mama mzima, nimekunja gauni, napanda rafu ya vitabu kwa mikono minne ya kubuni. Wanaume walicheka wiki ya kwanza. Baadaye wakaanza kuja na maombi: naomba unifanyie sungura anayebembeleza. Jambo lililonishangaza ni kwamba huwezi kuigiza sungura anayebembeleza bila kujua wewe mwenyewe hubembelezaje. Nilijikuta nainamisha kichwa upande wa kushoto na kupunguza sauti. Mume wangu alipoiona ile video alisema tu, “Kumbe.”

Turudi kwa punda, maana ndiye aliyetugombanisha. Filamu yetu ilikuwa ya dakika 11, urefu uleule wa vipindi vya Tinga Tinga Tales vilivyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010. Katika dakika hizo, hadithi ndani ya hadithi ni anasa. Mfadhili mmoja alishauri tuikate: kima akishapanda mti, mwisho. Akiona hatukubali akashauri punda asife, akimbie mara ya pili pia, kwa kuwa watazamaji ni wadogo.

Yote mawili niliyakataa kwa nguvu ambayo sikujua ninayo. Bila punda, kima ni mjanja aliyebahatika. Punda ndiye anayetufanya tuelewe kwamba kima aliokoka mara mbili: mara ya kwanza kwa uongo, mara ya pili kwa kukataa kushuka alipoitwa vizuri na rafiki anayempenda. Hilo la pili ni gumu zaidi, na ndilo hadithi inalolitaka. Na punda akikimbia mara ya pili, sungura hana moyo na masikio ya kula kwa siri, simba hana la kuuliza, na jibu lile tamu, kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi, linakosa pa kusimama.

Wakati huo nilikuwa najifariji na Kirikou. Michel Ocelot, aliyeishi Guinea utotoni, alipotengeneza Kirikou na Mchawi mwaka 1998 kutokana na ngano za Afrika Magharibi, alishinikizwa awafunike vifua wanawake wa kijijini. Hakukubali. Lakini hakuwa mtu wa kukataa tu. Aliingiza swali ambalo kila mwanakijiji alikuwa amelipita: kwa nini Karaba, mchawi mwenyewe, ana roho mbaya? Na jibu likawa mwiba, uliopigiliwa mgongoni mwake, unaomuuma kila saa. Nikaona kwamba anayetaka kulinda jambo moja katika hadithi inambidi awe mkarimu kwa mengine. Basi nikaanza kutafuta ninachoweza kukitoa.

Nilikipata kwa mwanamke aliyeishi mbali na kwetu. Lotte Reiniger, Mjerumani, alitengeneza The Adventures of Prince Achmed kati ya 1923 na 1926 kutoka Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho wazazi wetu walikisoma kwa Kiswahili. Hakuchora. Alikata karatasi nyeusi kwa mkasi, akaunganisha viungo, akavilaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akavisogeza kidogo kidogo na kupiga picha kila hatua. Hakuna uso unaoonekana, ni umbo la pembeni tu, na bado unajua nani ana hasira na nani ameona haya, kwa jinsi shingo ilivyokaa.

Kwa hiyo punda wetu akawa kivuli. Kima yuko juu ya mkuyu, jua liko nyuma yake, papa yuko chini ya maji anatazama juu. Kima anachuma majani, anayapanga kwa vidole, na kivuli chake kinaanguka juu ya uso wa bahari. Papa anaitazama hadithi ya punda kutoka chini, ikitetemeka kwa mawimbi. Simba ni majani mawili. Punda anatambulika kwa masikio. Anaporudi mara ya pili tunaona masikio yakija juu ya nyasi, wimbi moja linapita, na masikio hayapo tena. Sungura anajifuta mdomo. Hakuna damu, hakuna mtoto aliyelia, na hakuna mtoto ambaye hakuelewa. Mfadhili aliridhika, hasa alipoambiwa vivuli ni rahisi kuliko rangi.

Kulikuwa na pendekezo la kuifanya filamu yote kwa mtindo wa Tingatinga, kama walivyofanya wenzetu wa Nairobi. Nauheshimu mtindo huo. Edward Saidi Tingatinga aliuanza hapahapa Dar mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao. Ila uzuri wake ni kwamba hauna kina, mnyama amekaa juu ya rangi tupu. Hadithi yetu inahitaji kina, kwa sababu kina ndicho kinachomtisha kima. Tukauacha.

Sasa hivi tuko kwenye Fumo Liyongo, na mabishano yameanza upya. Tunafuata zaidi utenzi alioutunga Muhamadi Kijuma mwaka 1913. Liyongo amechomwa na mwanawe sindano ya shaba kitovuni, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na anakufa akiwa hivyohivyo. Watu wanaogopa kusogea. Maji hayatekwi. Mama yake anatumwa akambembeleze. Kwenye utenzi msikilizaji anajua mapema kuliko watu wa mjini. Kwenye katuni, mtu aliyekufa na mtu aliyetulia ni mchoro mmoja, fremu kwa fremu. Vijana wa kupaka rangi wanataka tuweke ndege atue juu ya upinde mapema, mtazamaji ajue, acheke woga wa mji. Mimi nataka asijue, atembee na mama kutoka lango la mji mpaka kisimani akiomba kwa ajili ya wote, ajue pale mama anapojua.

Nimechora njia zote mbili. Ile ya ndege ni fupi kwa nusu dakika na mtayarishaji ameshaipenda. Nimemwomba asiamue kabla hatujawaonyesha watoto, na safari hii nimeomba pia waletwe bibi zao.